Magofu ya Fountains Abbey si kazi ya mabomu

Kuna aliyesema Fountains Abbey, ile abasia (monasteri kubwa) ya zamani kule Yorkshire, Uingereza, ilibomolewa na mabomu ya Wajerumani. Hapana ndugu, sio mabomu. Fountains Abbey ilifungwa mwaka 1539 kwa amri ya Mfalme Henry VIII alipofuta monasteri zote Uingereza, wamonaki wakatolewa, madini ya risasi yaliyoezekwa kwenye paa yakabanduliwa yakauzwa, na jengo lisilo na paa kwa mvua za Yorkshire unajua mwenyewe litaishia wapi. Mawe mengine yalichukuliwa yakajengea Fountains Hall, lile jumba la karibu na geti la magharibi, mimi nilifika pale na ukiangalia kuta zake unaona kabisa ni mawe ya abasia, iliniuma sana aisee.

Ila kuna mwingine aliyesema abasia hii ni ya Wabenediktini, watawa wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, msimcheke, hajakosea sana, maana wamonaki 13 walioianzisha 1132 walitoka abasia ya Wabenediktini ya St Mary's mjini York, wakitaka maisha magumu zaidi, na Usistersiani, shirika la watawa lenye maisha makali zaidi, wakaingia miaka kama mitatu baadaye. Utajiri wao ulikuwa sufu ya kondoo, na mabruda, yaani watawa wa kazi za mikono, ndio waliobeba kazi nyingi za mashamba. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 1986.