Saa Mbili ya Karani: Ushauri kwa Kijana Anayetaka Kuishi kwa Kuandika Programu

Mara kwa mara hunijia vijana hapa Lamu, aghalabu wametoka chuoni na wanajua kuandika programu, wakataka niwaambie ni lugha gani ya kompyuta yenye pesa. Huwajibu nijuavyo. Lakini swali ninalotamani waniulize ni jingine: mtu ataifanyaje kazi hii miaka ishirini bila ya kuichukia, na bila ya kuwa mgeni nyumbani kwake? Mimi nimo katika mwaka wa kumi na nne, na ile minne ya mwanzo niliyoishi Nairobi sikuwa na jibu.

Huko niliajiriwa na kampuni iliyohudumia wateja wa Marekani. Mkutano wetu wa kila siku ulianza saa kumi jioni ya San Francisco, ambayo kwetu ni saa nane ya usiku, tena ikasogea hadi saa tisa wao walipoingia majira ya baridi, kwa kuwa wao hubadilisha saa zao na sisi hatubadilishi. Nilikuwa nikilala alfajiri na kuamka adhuhuri, na simu za mama zilinikuta usingizini. Haya yote ningeyastahimili, maana ujana una nguvu zake, lakini sikuwahi kumwona hata mtu mmoja aliyeitumia kazi yangu. Sehemu niliyoijenga kwa miezi mitano ilifutwa kabla ya kufika kwa mteja, na siku ya pili nikapewa nyingine.

Niliporudi Lamu, kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa mfumo mdogo wa kuandikisha abiria wa boti. Kwa kuwa wasafiri wengi hutumia simu ndogo, zile za mulika mwizi, niliamua kwamba tiketi iwe ni ujumbe mfupi, na ujumbe wa pili umkumbushe abiria saa moja kabla ya safari. Karani akaingiza safari ya kwanza: saa mbili. Aliandika 2:00 kama ambavyo mtu yeyote wa pwani angeandika, naye alikusudia saa mbili ya asubuhi, wakati jua limekwisha kupanda. Programu yangu iliisoma kuwa saa nane ya usiku. Saa saba ya usiku ule simu za abiria zikalia, watu wakadhani safari imeletwa mbele, na mama mmoja akateremka gatini gizani na mtoto mgongoni na furushi la nguo mkononi, akakaa kwenye ngazi hadi mlinzi alipomwambia hakuna boti.

Asubuhi mwenye boti aliniita. Hakugomba. Alinionyesha ule ujumbe kwenye simu yake akasema, "Mwanangu, hii mashine yako haijui saa." Nikamwambia, "Kosa ni langu, baba," nikaenda kumtaka radhi yule mama nyumbani kwao, kisha nikakaa na karani siku nzima nikiangalia anavyofanya kazi. Tangu siku hiyo fomu humuuliza karani kwanza kama ni asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha hupokea saa kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Programu yenyewe ndiyo huongeza au kupunguza saa sita, na kabla ya kuhifadhi humsomea karani kwa maneno kamili alichokiandika. Ni mistari isiyozidi arobaini ya msimbo. Katika miaka yangu yote sijaandika kitu kilichonipa utulivu wa moyo kama mistari hiyo, kwa sababu namjua kwa uso kila anayefaidika nayo.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, na ndio ulio mzito kuliko mingine yote, ni kwamba utafute kazi itakayokuweka karibu na mtumiaji, hata ukiwa umeajiriwa mbali. Omba kusikiliza simu za malalamiko. Omba kukaa na mhasibu siku ya kufunga hesabu.

Wa pili ni kupenda matengenezo. Ami yangu ni fundi wa vyombo kule Matondoni, na jahazi likipandishwa pwani yeye huchokoa pamba iliyochakaa katika nyufa za mbao, akakalafati kwa pamba mpya yenye mafuta, kisha akapaka deheni chini, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa, na jahazi hilo hilo humrudia tena na tena. Hakuna anayemwona duni kwa kutojenga jipya. Vijana wetu huona kurekebisha hitilafu katika programu ya mtu mwingine kuwa ni adhabu, ilhali huko ndiko unakojifunza jinsi programu zinavyochakaa. Kuna mifumo inayohesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na ile iliyotengewa biti 32 (nafasi 32 za sifuri au moja) kwa hesabu hiyo itafika ukomo kwenye sekunde ya 2,147,483,647, yaani tarehe 19 Januari 2038, ambapo hapa kwetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne za asubuhi. Mtu atahitajika kuitengeneza kabla ya hapo, na atakuwa ni yule aliyezoea kusoma msimbo wa zamani kwa subira.

Kuhusu lugha za kompyuta sina mengi. Durusu misingi. Njia ya kuhifadhi data katika majedwali yanayohusiana ilielezwa na Edgar Codd, mtafiti wa IBM, mwaka 1970, nami naitumia kila siku katika mfumo wa boti. Zana nilizokesha nikijifunza Nairobi nyingi nimekwisha kuzisahau.

Pesa nazo zataka uwazi. Zamani niliuza programu kwa malipo ya mara moja, kisha nikaombwa marekebisho ya bure kwa jina la udugu, nikanung'unika moyoni na kuchelewesha kazi, jambo ambalo halikuwa haki kwa upande wowote. Sasa huandika mapatano ya kurasa mbili yenye gharama ya kujenga, ada ya kila mwezi ya kutunza, na jina la atakayeshika nywila. Wateja wa ng'ambo bado ninao, ila nawachagua kwa saa: Ujerumani tumeitangulia kwa saa mbili, na moja tu wakati wa kiangazi chao. Baada ya Magharibi sifungui kompyuta, isipokuwa mfumo umezima na kuna abiria wanaosubiri.

Wiki iliyopita karani ameniletea jambo jipya. Boti za kwenda Faza, kisiwani Pate, zinazopita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, haziwezi kupita maji yakiwa yamekupwa, na maji kujaa huchelewa kwa takriban dakika hamsini kila siku, kwa hiyo saa ya kuondoka haiwezi kuandikwa mara moja ikaachwa. Nimemwomba anikutanishe na manahodha wawili wa njia hiyo. Tutakaa Jumamosi baada ya Alasiri, nami nitakwenda na daftari tu, bila kompyuta.