Nyumba ya urithi Mji Mkongwe: kabla hujamwita fundi

Ndugu yangu, umeuliza kama nyumba mliyorithi Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, mnaweza kuipiga plasta ya saruji, kutia madirisha ya alumini na kuongeza ghorofa juu, maadamu ni mali yenu. Yetu iko mtaa wa Malindi, humo humo Mji Mkongwe, na hayo yote tumeyapitia.

Kuwa mwenye nyumba hakukuondolei kibali. Mji Mkongwe ni eneo la hifadhi tangu miaka ya 1980, na mwaka 2000 uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Ukitaka kujenga au kubadilisha, anzia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Sisi tulipeleka michoro, wakaja kukagua. Ghorofa walikataa, alumini walikataa. Choo cha pili walikubali, kwa sharti kikae juu ya kile cha chini ili mabomba yashukie pamoja, mbali na boriti. Nilikasirika siku ile. Leo naona walikuwa na haki.

Ila kwenye saruji, tafadhali nisikilize sana. Marehemu baba aliona ukuta unamomonyoka, akaukandika saruji nje na ndani. Ukapendeza kweli. Lakini kuta zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa: zinanyonya maji, kisha zinayatoa. Ukizifunga kwa saruji, maji yanabaki humo na chumvi yake, yanaozesha vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani. Baada ya masika ya pili dari ya chumba cha bibi ikaanza kubonyea. Fundi mzee aliyekuja kubandua plasta alichomoa kichwa cha boriti kwa vidole, kikamvunjikia mkononi kama tumbaku iliyolowa.

Tukarudi kwenye chokaa iliyolowekwa muda mrefu, tabaka jembamba juu ya jembamba. Kazi inachosha na mafundi wake ni wachache, lakini ukuta umekauka.

Hakikisheni pia warithi wote wanakubaliana kwa maandishi. Sisi tulisubiri saini ya shangazi yetu aliye Muscat. Kama ni nyumba ya wakfu, ulizeni Kamisheni ya Wakfu kwanza.

Na kabla ya ukuta, panda juu ukague bati na mifereji. Kwetu maji yaliingilia kwenye mfereji mmoja uliotoboka, nyuma ya tangi, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipanda.