Trekta la zamani na magogo: inua kidogo, vutia chini

Wenye matrekta ya zamani, hizi Ferguson TE20, Ford 8N, Massey Ferguson 35 na ndugu zao, swali lao la kwanza huwa lilelile: hivi trekta langu litavuta gogo la ukubwa gani? Mimi naona swali linaanzia pabaya. Nguvu ipo, gia ya kwanza kwenye hivi vitrekta ina nguvu kuliko unavyodhani na hapo ndo hatari ilipo. Uliza kwanza mnyororo utaufunga wapi.

Mnyororo ukiwa umeshika kwenye chuma cha kuvutia cha chini kabisa, chini ya ekseli ya nyuma, trekta likianza kunyanyua pua basi kile chuma nacho kinashuka na mvuto unapungua makali. Ukifunga kwenye ekseli yenyewe, au mbaya zaidi pale juu unapofungwa mkono wa tatu (ule wa juu wa kushikia zana), gogo likikwama magurudumu yanaendelea kutaka kuzunguka, hayapati pa kwenda, kwa hiyo kinachozunguka ni trekta lenyewe kuizunguka ekseli mpaka likulalie. Kupinduka kwa nyuma kunachukua kama sekunde 1.5, na muda ambao kukanyaga klachi bado kungesaidia ni kama nusu ya hapo. Usijidanganye kwamba una miguu miepesi.

Na kumbuka matrekta haya mengi hayana fremu ya kinga juu ya kiti, ile ya kumlinda dereva trekta likipinduka. TE20 waliacha kuitengeneza 1956, Sweden ndo ilikuja kulazimisha fremu kwenye trekta mpya 1959, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Kama unaweza kufungiwa fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya trekta lako, fungiwa, na ukishakuwa nayo vaa mkanda. Bila fremu mkanda usivae, utakufunga palepale chuma kinapoangukia.

Sasa haidroliki, yaani mfumo wa mafuta unaoinua mikono miwili ya nyuma ya trekta, ndo inaponza watu. Gogo ukiliburuza limelala lote chini linachimba, pua inajikita kwenye udongo, inanasa mizizi, inasukuma mawe mbele yake. Ukiinua pua kidogo mambo yanakuwa laini kabisa, sehemu ya uzito inahamia kwenye magurudumu ya nyuma na tairi zinashika vizuri zaidi. Kwa hiyo kuinua ni sawa, tatizo ni kwamba ukiinua mikono na sehemu ya kuvutia nayo inapanda. Kipimo changu ni cha macho tu: ekseli ipo katikati ya tairi la nyuma, basi pale mnyororo uliposhika pasifike usawa huo, pakae chini yake kwa nafasi ya kutosha. Pua ya gogo ikiwa juu ya ardhi kiasi cha nusu muundi inatosha sana, na ili upate hivyo mnyororo uwe mfupi, maana ukiwa mrefu itabidi unyanyue mikono mpaka juu ndo gogo litoke chini, halafu pia litayumba na kugonga tairi.

Kitu kingine ambacho wengi hawakifikirii: haidroliki hizi zinainua lakini hazikandamizi. Mikono inashuka kwa uzito tu, na kitu kikiivuta kwenda juu inapanda bila kizuizi. Sasa piga picha trekta limeshuka kwenye kijibonde na gogo bado lipo juu ya tuta nyuma yako, mnyororo unavuta kwenda juu, chuma kinapanda nao, yaani hujagusa lever yoyote lakini tayari unavutia juu. Ndo maana kwa magogo mazito, au njia yenye mabonde, mimi siitumii mikono kabisa, nafunga kwenye chuma kisichocheza na nakubali gogo liburuzike chini, nachonga tu pua kwa chensoo iwe ya mviringo isichimbe. Mikono ni ya magogo ya wastani kwenye njia tambarare, na minyororo ya pembeni iwe imekazwa ili mikono isitembee kushoto na kulia.

Gogo likikwama usilinyofoe kwa haidroliki wala kwa kurudi nyuma kidogo na kuruka nalo. Shusha, rudi nyuma mnyororo ulegee, zima, shuka, chukua mtaimbo uligeuze au ubadilishe upande wa kuvuta. Inaudhi, najua.

Kuhusu uzito, gogo la kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 4 ni kama nusu mita ya ujazo, na mti mbichi wa aina nyingi unacheza kilo 800 mpaka 1,000 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo hapo una kilo 400 au 500 nyuma ya trekta ambalo lenyewe ni tani moja na kidogo. Weka vyuma vya uzito mbele. Usukani ukiwa mwepesi ghafla maana yake magurudumu ya mbele yameanza kuelea, hapo hakuna ujanja, likate gogo vipande viwili.

Mnyororo tumia wa kazi hiyo, wenye alama ya daraja. Wa daraja la 80 wa milimita 8 unabeba tani 2 kwa kiwango cha kazi. Kamba ya nailoni achana nayo, inanyumbuka kwanza halafu ikikatika inarudi kwa kasi ya kutisha, na msaidizi wako asisimame kwenye mstari wa mvuto wala asivuke mnyororo uliokaza hata mara moja.

Kuondoka ndo sehemu ninayoichukulia taratibu kuliko zote. Gia ya chini, injini moto mdogo, naachia klachi mpaka mnyororo unyooke na pingili zilie kidogo, nasimama hapo, naangalia nyuma uso wa gogo umekaaje, naangalia mbele magurudumu yapo chini, ndo naachia iliyobaki. Injini ikianza kunguruma kwa shida na pua ya trekta ikinyanyuka hata kidogo, klachi chini kwanza, maswali baadaye. Na ukumbuke kwenye TE20 na 8N pampu ya haidroliki inazungushwa na PTO (mfumo wa shafti ya nyuma ya kuendeshea mashine), kwa hiyo ukishakanyaga klachi kuinua nako kunasimama, usishangae. Ukitaka kuinua umesimama weka gia huru, ingiza PTO, achia klachi.

Mteremko: shuka moja kwa moja, siyo kwa kukata pembeni, na gia ya chini uingize ukiwa bado juu. Katikati ya mteremko klachi usiiguse, gogo litakusukuma na breki za hivi vitrekta tunazijua. Pedali mbili za breki zifunge pamoja kabla hujaanza, ukikanyaga moja tu trekta linageuka ghafla na gogo linakuja ubavuni.

Ukifika pa kushushia, shusha mikono mpaka gogo lilale lenyewe, usiliache linaning'inia ukaenda kufungua ndoano, mafuta kwenye pampu za zamani yanavuja ndani kwa ndani na mzigo unashuka bila taarifa. Zima, piga breki, weka kabari kwenye tairi, fungulia ukiwa upande wa juu wa mteremko maana gogo likishaachiwa linabingirika kwenda chini.