Usimpe mrefu mwenye sauti nzito nafasi ya dikteta

Mkuu, kabla hujamlipa fundi wa mbao, simama hapo hapo. Umeandika kwamba una vijana 14, wiki 6 za mazoezi, igizo la dikteta anayepinduliwa, na kwamba nafasi ya dikteta "bila shaka" anapewa yule mrefu mwenye sauti nzito, juu ya kiti cha enzi chenye ngazi. Halafu ukauliza kuhusu maleba, taa na namna ya kumalizia. Hayo yatasubiri. Hiyo "bila shaka" ndiyo itakayokula igizo lako.

Kijana akiambiwa aoneshe mamlaka, anapaza sauti. Onyesho la kwanza anafoka, la pili anafoka, likifika la tatu hana pa kupanda tena. Kama sauti yake bado inavunjika, atakamua koo mpaka ikauke kabla hamjafika katikati ya mazoezi. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni wale 13 waliogeuzwa nguzo zenye mikuki. Wanasimama saa nzima, wanasema "Ndiyo, Mtukufu" mara mbili, wanarudi nyumbani. Wiki ya nne wanaanza kuumwa matumbo kwa zamu. Sasa lile onyesho la mapinduzi, ambalo ndilo linalohitaji umati, utalifanya na watu watano na filimbi. Cheka tu, wenzio tulishacheka hadi tukanyamaza.

Na kiti chenyewe! Ukikiweka juu, katikati, nyuma ya jukwaa, kila anayeongea na mtawala anawapa watazamaji mgongo. Hofu iko usoni kwa anayeogopa, nawe umeilipia mbao ili isionekane.

Wanaofundisha haya ni wale wawezeshaji wa warsha za siku mbili. Wanakuja na kalamu za rangi, wanasema "tafuta mwenye haiba", wanapiga picha ya pamoja, wanaondoka. Hakuna hata mmoja anayebaki kuona wiki ya nne. Haiba! Kana kwamba madikteta wote walikuwa warefu.

Kanuni ni moja: mamlaka hayaigizwi na mwenye nayo, yanaigizwa na waliomzunguka. Jaribu kesho. Chukua mwenye sauti ndogo kuliko wote, mpe kiti cha kawaida kwenye kona ya mbele, upande mmoja, asiseme neno bila kuulizwa. Kazi wape wengine. Akiingia, mazungumzo yakatike katikati ya neno, siyo mwisho wa sentensi. Aliye karibu asogee hatua mbili bila kuambiwa. Mwenye kikombe akiweke chini kisilie. Asikae mtu kabla yake. Yeye atulize kichwa, asijiguse uso, na akiulizwa kitu ahesabu hadi tatu moyoni ndipo aitikie. Utaona ukumbi wote unamwogopa mtoto asiyefika begani kwa mlinzi wake.

Kisha fanya zoezi la namba. Vikaratasi 14, namba 1 hadi 14, wa 14 ndiye wa juu kabisa, kila mmoja anabandikiwa chake kwenye paji la uso bila kukiona. Dakika tano wako ikulu, kila mtu anamtendea mwenzake kwa kadiri ya namba anayoiona. Mwishoni wajipange wanavyodhani. Wa juu na wa chini hujijua upesi. Wanaohangaika ni wale wa 6 hadi 9, na hao ndio igizo lako: karani, mlinzi wa mlango, msoma matangazo, watu wanaomshikilia mtawala mahali pake huku wakigombania nusu hatua. Waandikie hao mistari kwanza.

Mzunguko wa pili, wanong'oneze watatu tu kwamba namba 14 sasa ni 2. Usiwaambie wengine. Wanaofanya zoezi hili huharibu hapa kwa kuwaruhusu hao watatu kutangaza. Hapana, watende tu. Mlinzi achelewe kufungua mlango. Karani amalize kwanza alichokuwa akiandika. Wengine wataona, wataangaliana, na utii utahama mbele ya macho yako. Hapo una mapinduzi bila bunduki ya mbao hata moja.

Likishika hilo, kuna zoezi la Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo, Mbrazili aliyeteswa na utawala wa kijeshi mwaka 1971: meza moja, viti sita na chupa. Wavipange kimya mpaka kiti kimoja kionekane kina nguvu kuliko vyote, kisha mmoja aingie ajiweke mahali pa nguvu zaidi bila kugusa chochote. Mwanzoni watakimbilia kupandisha kiti juu ya meza. Waache, wakichoka watagundua kona na migongo.

Maleba, basi: koti moja tu, la mtawala, linalohama kutoka mtu hadi mtu. Liwe pana, limwingie kila mmoja, na lisifungwe vifungo, maana kidole kinachotetemeka juu ya kifungo kitakulia nusu dakika ya onyesho.