Kumtafuta babu aliyetoka Uskoti kwenda Kanada miaka ya 1870

Ndugu, kama unalo jina tu na neno "Uskoti", usianzie huko. Akina John Campbell, kwa mfano, ni wengi mno, utalipia hati za watu wasiokuhusu. Anzia Kanada alikofia: cheti cha kifo, daftari la ndoa la kanisa, tangazo la msiba gazetini, maandishi ya kaburi. Unachotafuta humo ni parokia aliyotoka na majina ya wazazi. Orodha za abiria walioondoka Uingereza zilizohifadhiwa huanzia 1890, kwa hiyo tazama za waliowasili Quebec, zinazoanza 1865.

Ukipata parokia, ingia ScotlandsPeople, tovuti rasmi ya kumbukumbu za Uskoti. Tangu 1855 usajili ni wa serikali, na cheti cha kifo kwa kawaida hutaja baba, mama na jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Hapo ndipo penye utamu: tafuta vifo vya ndugu zake waliobaki nyumbani, maana wazazi ni walewale. Ila angalia nani alitoa taarifa. Mkwe au jirani hukosea majina. Kabla ya 1855 utategemea madaftari ya parokia, yenye mapengo mengi, hasa Highlands, nyanda za juu za kaskazini mwa Uskoti. Jina la ukoo likianza na Mc au Mac, jaribu tahajia zote mbili.