Beetle yenye chasi inayoanzia 118

Mkuu, umeuliza kwa nini kadi ya gari inasema 1967 ilhali namba ya chasi ya Beetle yako inaanzia 118. Zote mbili zinaweza kuwa sahihi. Volkswagen walikuwa wakianza modeli mpya kila Agosti, na hiyo tarakimu ya tatu, 8, ni modeli ya 1968, kwa hiyo huenda gari lilitengenezwa mwishoni mwa 1967.

Usiamini kibati chenye namba ya chasi peke yake: inua kiti cha nyuma, soma namba iliyogongwa kwenye chasi yenyewe. Namba ya injini iko chini ya dinamo. Herufi inayoianza inaonyesha ukubwa wa injini kwa cc: H ni 1500, F ni 1300, D ni 1200. Modeli ya 1968 ya 1300 na 1500 ilikuja na taa za mbele zilizosimama wima. Zikiwa zimelala, kagua madigadi, huenda yalibadilishwa. Tafadhali usiipake rangi kabla ya kuhakikisha hayo.