NEWS2 bado inategemea nesi
Kwa sehemu kubwa bado ni nesi anayegundua kwamba mgonjwa wa wodini anazidiwa. Kompyuta inajumlisha tu alama za vipimo alivyochukua. Chukua NEWS2 ya Uingereza, mfumo wa alama wa kutambua mapema mgonjwa anayezidiwa, toleo la 2017: unapima kasi ya kupumua, oksijeni kwenye damu, presha (ile namba ya juu), mapigo ya moyo, joto na hali ya fahamu. Kila kimoja kina alama 0 hadi 3, na aliyewekewa oksijeni anaongezewa 2. Jumla ikifika 5 aonwe haraka, 7 ni dharura. Faida ya programu ni kwamba haikosei hesabu saa tisa usiku. Ila upumuaji mara nyingi hubadilika kabla presha haijashuka, na ndio tunaouandika kwa kukadiria (waliofanya kazi wodini wananielewa), kwa hiyo ukiingiza uongo itajumlisha uongo.

Programu zinazotabiri zenyewe nani atazidiwa zipo Marekani, lakini usiziamini kichwakichwa. Ile ya Epic, kampuni ya programu za hospitali, ya kutabiri sepsisi (mwili kuzidiwa na maambukizi hadi viungo kuanza kushindwa) ilichunguzwa Michigan, na matokeo ya 2021 yalionyesha iliwakosa 67% ya wagonjwa waliokuwa nayo.